Kongamano la Wote au Mkutano wa Fani Moja: Ulinganisho kwa Mthamini Anayetaka Kukua Kitaaluma

Mthamini wa mali anayepanga bajeti yake ya kujiendeleza hukabiliwa na uamuzi ambao mialiko ya makongamano haimsaidii kuufikia, kwa sababu karibu kila mwaliko huahidi mambo yale yale: wazungumzaji mashuhuri, mada za kisasa, nafasi ya kukutana na wanataaluma wenzake, na saa za masomo endelevu zinazotambuliwa na mamlaka ya usajili. Ahadi zikifanana kiasi hicho, inambidi ajiulize ni kitu gani hasa kinachompungukia katika kazi yake, na ni mkutano upi unaoweza kumpa kitu hicho ambacho hangekipata akiwa ameketi ofisini. Makala haya yanalinganisha kongamano kubwa linalokusanya taaluma nzima pamoja na jirani zake, na mkutano unaojikita katika fani moja ya uthamini. Kisha yanaipima mikutano hiyo dhidi ya washindani wake wawili wa karibu, yaani ushiriki wa mtandaoni na kozi yenye mtihani.

Niseme mapema kwamba kwa maoni yangu saa za masomo ndizo sababu dhaifu kuliko zote za kusafiri kwenda kwenye kongamano, kwa kuwa zinapatikana kwingine kwa gharama ndogo na bila kuacha kazi. Kisichopatikana kwa urahisi kwingine ni kuona jinsi wathamini wengine wenye uwezo wanavyofikia uamuzi pale ushahidi wa soko unapokuwa haba au unapopingana, na kwa kipimo hicho mikutano hii miwili hutofautiana sana.

Ukubwa si idadi ya viti

Mfano mzuri wa kongamano la wote ni mikutano ya FIG, shirikisho la kimataifa la wapima lililoanzishwa Paris mwaka 1878, ambalo wanachama wake hukutana kila mwaka na kufanya kongamano kuu kila baada ya miaka minne. Ndani ya FIG, uthamini na usimamizi wa mali isiyohamishika ni kazi ya Kamisheni ya 9, ambayo ni moja tu kati ya kamisheni 10. Mthamini anayehudhuria hujikuta amezungukwa na wapima ardhi, wataalamu wa hati miliki, watengenezaji wa ramani na wapangaji wa miji, na anaweza kupitisha nusu siku akisikiliza mambo ambayo hayatajwi kamwe katika ripoti zake, ingawa baadhi yake, kama vile ubora wa rekodi za umiliki, ndiyo msingi ambao kazi yake yote imejengwa juu yake.

Upande wa pili upo mkutano wa fani moja. IAAO, chama cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1934, kina mkutano wa mwaka ambao si mdogo hata kidogo kwa idadi ya wahudhuriaji, lakini eneo lake ni jembamba: kukadiria thamani ya mali nyingi kwa wakati mmoja kwa ajili ya kodi ya majengo na ardhi. Kwa hiyo ninapozungumzia mkutano wa fani moja sikusudii ukumbi wenye watu wachache, bali mkutano ambao kila aliyeketi mle ndani anakabiliana na matatizo ya aina moja, iwe ni hoteli, ardhi ya kilimo, fidia ya ardhi inayotwaliwa kwa miradi ya umma, au ushahidi wa kitaalamu mahakamani.

Vyama vya watafiti wa mali isiyohamishika, kama AfRES barani Afrika na ERES barani Ulaya, vina mikutano ya namna nyingine ambayo sitaijadili kwa kirefu. Humo huwasilishwa makala za utafiti, na mthamini asiye na hamu ya takwimu huchoka mapema. Mwenye hamu hiyo, hata hivyo, hupata hoja zinazoweza kuchukua muda kabla ya kufika katika kozi za kawaida.

Upana dhidi ya kina

Tofauti kubwa zaidi hujitokeza katika namna mada ile ile inavyotendewa. Tuchukue Viwango vya Kimataifa vya Uthamini, ambavyo toleo lake lililoanza kutumika tarehe 31 Januari 2025 lilipanga upya viwango vya jumla na kutenga kiwango kimoja kwa ajili ya data na taarifa zinazoingizwa katika uthamini, na kingine kwa ajili ya mifumo ya ukokotoaji. Toleo hilo linasema bayana kwamba hakuna mfumo, ukiwamo ule wa kompyuta unaokadiria thamani wenyewe, unaoweza kutoa uthamini unaokidhi viwango hivyo bila mthamini kutumia uamuzi wake wa kitaaluma.

Katika kongamano la wote, suala hilo hujadiliwa kutoka juu. Aliyeshiriki kuandaa viwango hueleza kwa nini mabadiliko yalihitajika, mwakilishi wa benki hueleza anavyotaka kuona mifumo hiyo ikitumika kwa mikopo midogo, na kampuni inayouza data hutetea bidhaa yake. Mthamini huondoka akiwa anajua upepo unavuma kutoka wapi. Katika mkutano wa fani moja, suala hilo hilo hushuka mpaka kwenye ukurasa wa ripoti: chanzo cha kodi za pango kiandikwe vipi, mauzo yaliyoachwa yaelezwe kwa kiasi gani, na mthamini aliyetumia makadirio ya kompyuta kama kithibitisho cha pembeni aseme nini ili msomaji asidhani kwamba thamani nzima ilitoka kwenye mashine. Mambo yote mawili yana faida, ila anayetakiwa kukabidhi ripoti wiki ijayo anahitaji la pili.

Kina huonekana vizuri zaidi kwenye mali zisizo na mauzo mengi ya kulinganisha. Hoteli, kwa mfano, huthaminiwa kwa kuzingatia uwezo wake wa kufanya biashara, na ugumu wake haumo katika kuzidisha na kugawanya. Ugumu umo katika kutenganisha mapato ambayo mwendeshaji yeyote mwenye ufanisi wa kawaida angeyapata katika jengo lile na mapato ya ziada yanayotokana na ustadi au jina la mwendeshaji aliyepo sasa, kwa kuwa ya kwanza ni sehemu ya mali na ya pili yataondoka na mwenyewe siku akihama. Mada ya dakika 45 mbele ya ukumbi uliochanganyika haiwezi kuvuka maelezo ya kanuni hiyo. Kikao cha siku nzima miongoni mwa watu wanaothamini hoteli kila mwezi kinaweza kufungua hesabu za mfano, kubishana kuhusu kiwango cha vyumba kujaa, na kufika mahali ambapo washiriki wawili wenye uzoefu wanatofautiana waziwazi, kila mmoja akiwa na sababu zake. Kwa mthamini anayekua, kusikiliza tofauti hiyo ikitetewa kuna thamani kuliko kupewa jibu, kwa sababu atakapoulizwa na mteja au wakili kwa nini alichagua asilimia fulani na si nyingine, kitakachomwokoa ni hoja.

Hata hivyo, kina kina hatari yake. Mtu anayehudhuria mkutano wa fani yake mwaka baada ya mwaka huanza kudhani kwamba mazoea ya kundi lake ndiyo sheria. Kongamano la wote humtikisa kidogo. Aliyezoea kuthamini nyumba kwa ajili ya rehani anaposikia jinsi wathamini wa kodi wanavyopima usahihi wao kwa kulinganisha maelfu ya makadirio na bei halisi za mauzo, hulazimika kujiuliza kwa nini yeye hajawahi kurudi nyuma na kukagua hata makadirio yake machache. Mapinduzi ya fikra ya namna hiyo hayatoki kwa watu wanaofanya kazi kama yako.

Watu utakaokutana nao

Waandaaji husifu sana nafasi ya kujuana, na mara nyingi wanaisifu kwa sababu isiyo sahihi, kana kwamba kukusanya kadi za mawasiliano ni kukua. Kwa mthamini, uhusiano wenye faida ni wa aina mbili: mtu anayeweza kukupa kazi au kukuelekeza ilipo, na mtu unayeweza kumpigia simu unapokutana na mali usiyowahi kuithamini. Kongamano la wote ni bora zaidi kwa aina ya kwanza, kwani huko ndiko waliko wakuu wa idara za mikopo, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji, watunga sera na wanasheria. Mkutano wa fani moja ni bora kwa aina ya pili.

Kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Wathamini wa soko moja ni wenzako, lakini pia ni washindani wako, na katika mikusanyiko yao mazungumzo ya kweli kuhusu ada, wateja wagumu au mbinu mpya huwa ya tahadhari. Mtu anayefanya kazi kama yako katika soko jingine hana sababu ya kukuficha. Ndiyo maana mkutano wa fani moja unaovuta watu kutoka maeneo mbalimbali huzaa mazungumzo ya wazi kuliko kikao cha tawi la nyumbani, hata kama mada za ukumbini ni zile zile. Mwenye fedha za safari moja tu na aitumie kuvuka mipaka ya soko lake.

Uwazi huo una mpaka. Siri za mteja hazifunguki kwa sababu tu mko kwenye mapumziko ya chai. Miongozo ya maadili ya taaluma, ikiwamo ile ya Marekani inayojulikana kama USPAP, humfunga mthamini kuhusu taarifa za siri na matokeo ya kazi aliyofanyiwa mteja. Unaweza kueleza tatizo la kimbinu bila kutaja jengo, mmiliki wala thamani, na ikiwa tatizo halielezeki bila hayo, basi liache.

Gharama na saa za masomo

Ada ya ushiriki, nauli na malazi huonekana, na kongamano la wote kwa kawaida hugharimu zaidi kwa yote matatu. Gharama isiyoonekana ni ripoti zisizoandikwa siku hizo, na kwa mthamini aliyejiajiri inaweza kuzidi nyingine zote. Aliyeajiriwa ana nafuu hapo, ila anapaswa kumweleza mwajiri faida mahususi. Ombi linalosema kwamba mkutano utagusa aina ya mali ambayo ofisi imeanza kupokea maombi yake hukubaliwa kwa urahisi kuliko lile linalosema mkutano ni muhimu kwa maendeleo.

Kuhusu saa, kanuni hutofautiana kwa nchi na kwa chama, na inafaa kuzisoma kabla ya kulipa. Vigezo vya kitaifa vya Marekani vinamtaka mthamini mwenye leseni atimize masomo endelevu yanayolingana na saa 14 kwa mwaka, ndani yake kukiwa na kozi ya saa 7 ya kuhuisha ujuzi wa USPAP katika kila miaka miwili ya kalenda, na saa moja ya darasa huhesabiwa kuwa angalau dakika 50 za mafunzo kati ya 60. RICS, taasisi ya wapima na wathamini iliyoanzishwa London mwaka 1868, kwa miaka mingi imewataka wanachama wake wawe na angalau saa 20 kwa mwaka, nusu yake zikiwa za mafunzo rasmi, yaani yenye malengo yaliyowekwa wazi. Mifano hii inatosha kuonyesha jambo moja: siku tatu za kongamano si lazima ziwe siku tatu za saa zinazohesabiwa. Hotuba ya ufunguzi, ziara ya maonyesho na chakula cha jioni vinaweza visihesabiwe kabisa, na vikao vingine huhesabiwa tu kwa aliyesaini mwanzoni na mwishoni. Mkutano wa fani moja wenye warsha ndefu mara nyingi hutoa saa nyingi zaidi kwa siku kuliko kongamano lenye sherehe nyingi.

Ushiriki wa mtandaoni na kozi

Kufuatilia kongamano kupitia intaneti kunafaa kwa taarifa: mabadiliko ya viwango, sheria mpya, takwimu za soko. Kwa ukuaji wa uamuzi wa kitaaluma kunafaa kidogo sana, kwa sababu mjadala wa korido haurushwi, na kwa sababu mtu aliyeketi mezani pake hujibu simu za wateja katikati ya mada. Ningeuchagua pale tu ninapojua kwamba vikao ninavyovihitaji havizidi viwili au vitatu.

Kozi ni jambo jingine kabisa, na hapa naona watu wengi wakichagua vibaya. Anayekosa stadi ya kufanya kitu, kwa mfano kujenga jedwali la mapato ya miaka 10 na kuyarejesha katika thamani ya leo, hapaswi kwenda kwenye mkutano wa aina yoyote. Aende kozi yenye mazoezi na mtihani. Ukumbini ataona jedwali likipita kwenye skrini na kudhani ameelewa. Vivyo hivyo kwa mabadiliko ya fomu na mifumo ya kuripoti. Fannie Mae na Freddie Mac, taasisi mbili kubwa za soko la rehani la Marekani, zilipoamua kuachana na fomu nyingi zilizotenganishwa kwa aina ya nyumba na kuweka ripoti moja inayojibadilisha kulingana na mali, wathamini wa nyumba walihitaji kukaa mbele ya programu na kuijaza, kazi ambayo hotuba haiwezi kuifanya kwa niaba yao. Kongamano humsaidia mtu mwenye stadi kuitumia vizuri zaidi. Halimfundishi stadi asiyokuwa nayo.

Nani achague upi

Mwanafunzi wa taaluma au mthamini aliyeanza kazi karibuni, akiwa bado chini ya usimamizi, hunufaika zaidi na kozi kwanza, kisha mkutano wa fani moja ambao msimamizi wake naye anauhudhuria, ili wakirudi wajadili walichosikia juu ya kazi halisi iliyo mezani. Kongamano la wote humvutia kwa ukubwa wake, lakini bila kujua anatafuta nini atazunguka kwenye mabanda ya maonyesho mpaka jioni, na wahenga walishasema mtembezi hula miguu yake.

Mthamini wa miaka mitano hadi kumi ndiye ambaye uchaguzi ni mgumu kwake, na ushauri wangu unategemea kama ameridhika na fani aliyomo. Akiwa ameridhika, achague mkutano wa fani hiyo na aurudie angalau mara mbili mfululizo, kwa sababu mara ya kwanza mtu hujifunza nani ni nani, na mara ya pili ndipo anapouliza maswali yanayofaa. Akiwa anataka kuhama, tuseme kutoka nyumba za makazi kwenda majengo ya biashara au mashauri ya mahakamani, kongamano la wote litamwonyesha fani kadhaa kwa mkupuo mmoja na kumwezesha kuzungumza na watu wanaozifanya kabla hajajifunga.

Mkongwe mwenye ofisi yake huhitaji kongamano la wote zaidi ya anavyodhani. Mbinu anazo; kinachomtishia ni mabadiliko yanayotoka nje ya taaluma, kama vile benki kukubali makadirio ya kompyuta kwa mikopo fulani, au wawekezaji kudai taarifa za matumizi ya nishati ya jengo. Anayethamini kwa ajili ya kodi ya serikali, kwa upande wake, hana haja ya kusumbuka sana: mikutano ya fani yake imekomaa, imejaa mifano ya mbinu za takwimu na namna ya kushughulikia mapingamizi ya walipakodi, na ni vigumu kuipata mahali pengine.

Kuisoma ratiba kabla ya kulipa

Baada ya kuchagua aina, bado kuna mikutano mizuri na mibovu ndani ya kila aina, na ratiba hufichua mengi. Angalia kama watoa mada bado wanaandika na kusaini ripoti, au wamebaki kuzungumzia tu. Angalia muda uliotengwa kwa maswali: kikao cha saa moja chenye wazungumzaji watano hakitakuwa na mjadala wowote. Kikao kinachodhaminiwa na kampuni ya programu hakikosi manufaa, lakini kihesabu kama maonyesho ya bidhaa. Ishara nzuri kuliko zote ni kikao kinachotangaza mgogoro halisi uliokwisha, mathalani makadirio mawili ya mali moja yaliyofikishwa mbele ya baraza la usuluhishi, na kuwapa waliohusika nafasi ya kueleza walivyofikiri.

Imebaki njia moja ya kuhudhuria ambayo wengi huiahirisha, nayo ni kutoa mada. Anayeandaa mada hulazimika kupanga hoja zake na kutafuta udhaifu wake kabla wengine hawajauona. Katika vigezo vya Marekani nilivyovitaja, kufundisha na kuandaa mafunzo kunaweza kuhesabiwa hadi nusu ya saa za masomo endelevu zinazotakiwa. Hapa mkutano wa fani moja unashinda waziwazi, kwa sababu waandaaji wake hutafuta mifano ya kazini na huwapokea wazungumzaji wasio na jina kubwa, wakati kongamano la wote huchagua mada zake mapema sana na hupendelea wanaojulikana. Mwenye nia na aanze na kesi moja iliyomsumbua kweli, aondoe kila kitu kinachoweza kumtambulisha mteja au mali, na aitume mara wito wa mada unapotangazwa, maana wito huo kwa kawaida hufungwa miezi kadhaa kabla ya usajili wa washiriki wa kawaida.